Mgeni Akiuliza Asome Nini Kabla ya Kuja Lamu

Kaskazi imeanza kuvuma, wageni wanaingia, na pale gatini makosa ni yale yale ya msimu uliopita. Mgeni anatuma ujumbe wiki tatu kabla ya safari: nisome nini? Kijana wetu anatafuta kwenye simu jalada lolote lenye picha ya jahazi au mlango wa nakshi, anamtumia, kazi imekwisha. Mgeni anashuka uwanja wa ndege wa Manda akiwa amesoma, na anayempokea hajasoma. Au amesoma kitabu kimoja tu na amekikumbatia kana kwamba hakuna kingine kilichopata kuandikwa juu ya pwani hii.

Wanangu, watembeza wageni wapya wa Amu, yaani Lamu, na wenzenu wa Malindi, haya tumeyasema kwa mdomo mara nyingi. Leo tunayaandika, mtu asije akasema hakusikia.

1. Tazama umri wa kitabu kwanza, jalada baadaye. Mwaka umeandikwa nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu, lakini mara nyingi huo ni mwaka wa kuchapwa tena. Kitabu cha mwaka 1964 kinaweza kuvishwa jalada jipya na maneno ndani yakabaki yale yale. Kwa hiyo pima kwa yaliyomo. Kikisema Ngome ya Lamu ni jela, kiliandikwa kabla ya 1984. Kisipojua kwamba Mji Mkongwe wa Lamu ni Urithi wa Dunia, ni cha kabla ya 2001. Kikitaja Wilaya ya Lamu katika Mkoa wa Pwani, ni cha kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013. Kikiizungumzia bandari mpya ya Lamu kama jambo la baadaye, gati la kwanza lilikuwa halijafunguliwa, nalo lilifunguliwa Mei 2021. Gede, mji wa magofu karibu na Malindi, imeingia Urithi wa Dunia mwaka 2024, kwa hivyo vitabu vingi mtakavyovikuta kwenye rafu za hoteli za Malindi havina habari hiyo.

Kitabu kuwa cha zamani si aibu. Vile vya miaka ya 1970 vilivyopima nyumba za mawe za Lamu chumba kwa chumba, kuanzia daka (baraza ya mlangoni), kiwanda (ua wa ndani), misana (kumbi ndefu), hadi ndani kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani), vina thamani kubwa leo, kwa sababu nyumba nyingine zimebadilishwa au zimeanguka na michoro ndiyo iliyobaki. Kitabu cha zamani ni cha kusomea mji ulivyokuwa. Kuulizia chumba cha kulala, nauli au njia ya kufika, tafuta cha karibuni.

Tena soma jina la kitabu kwa makini. James Kirkman, mchimbaji wa mambo ya kale, alichimba Gede kuanzia 1948 hadi 1958, na kitabu chake cha 1954 kinaiita Gede mji wa Kiarabu tangu jaladani. Vipimo vyake vya msikiti na makaburi ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini tangu wakati huo wachimbaji na wanahistoria wameonyesha kwamba miji hii ilimea hapa hapa, ikajengwa na Waswahili wenyewe waliokuwa wakifanya biashara na Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi. Mgeni aliyesoma kitabu hicho peke yake atakuuliza Waarabu walikwenda wapi. Uwe na jibu, na uwe na kitabu cha pili cha kumpa.

2. Tafuta kwa tahajia zote. Pate iliandikwa Patta, Siyu ni Siu, Shela ni Shella, Gede ni Gedi, Lamu ni Lamoo. Ukitafuta kwa jina moja utakosa nusu ya vitabu.

3. Hapa tukae, maana hapa ndipo panapouma. Kosa hili tumelifanya sisi wa kazi hii karibu sote, kizazi baada ya kizazi, na sasa tunawaona nyinyi mkilirudia mbele ya wageni: kuisoma Habari za Pate, yaani masimulizi ya kale ya mji wa Pate na watawala wake, bila kujua imetoka wapi na miaka yake inahesabiwaje.

Mtu anasoma kwamba Wanabahani, ukoo uliotawala Pate, walifika huko mwaka 600 wa Hijria. Anajua Hijra ilikuwa mwaka 622, basi anajumlisha, anapata 1222. Wanafika Pate, wanatembea kati ya magofu na mashamba ya tumbaku, anatamka 1222 kwa sauti ya kujiamini. Mgeni anafungua kitabu chake: 1204. Kijana anasema kitabu kimekosea. Mgeni ananyamaza kwa adabu, na kuanzia hapo hamwamini tena, hata akimwambia maji yanakupwa.

Kosa liko kwenye mwezi. Mwaka wa Hijria una siku 354 hivi, umepungua siku 11 kwa mwaka wa jua, kwa hiyo kila miaka 33 unajipatia mwaka mmoja zaidi. Hesabu ya haraka ni hii: chukua mwaka wa Hijria, ugawe kwa 33, jibu ulitoe kwenye mwaka wenyewe, halafu ujumlishe 622. Kwa 600: 600 ukigawa kwa 33 ni 18, 600 ukitoa 18 ni 582, jumlisha 622, unapata 1204. Jipimeni tena kwa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1275 wa Hijria. Mwenye kujumlisha tu atapata 1897, wakati mtunzi ameshafariki zamani. Mwenye kugawa kwanza atapata 1858, na huo ndio mwaka wake. Hesabu hii inaweza kupotoka kwa mwaka mmoja, kwa sababu mwaka mmoja wa Hijria huangukia miaka miwili ya kizungu, lakini haitakupoteza kwa miaka 39.

Na bado hujamaliza, kwa sababu hesabu sahihi haithibitishi kisa. Inasemekana hati ya asili ya Habari za Pate ilipotea Waingereza walipoishambulia Witu mwaka 1890. Tunazozisoma ni nakala zilizoandikwa baadaye, nyingi zikitoka kwa Bwana Kitini, mzee wa ukoo huo huo wa Wanabahani. Stigand alichapisha moja mwaka 1913, Werner nyingine mwaka 1915, na hazilingani kila mahali. Mwaka 1993 Marina Tolmacheva alitoa nakala nne zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na tafsiri. Anayetaka kuisoma Habari za Pate aanzie hapo, aone kwa macho yake nakala zinavyopishana. Kitabu chochote kinachonukuu Habari za Pate bila kusema ni nakala gani, kiwekee alama ya kuuliza.

Wachimbaji nao wana neno. Neville Chittick alichimba Pate, akaandika mwaka 1969 kwamba miaka ya mwanzo ya Habari hizo haisimami. Mark Horton alichimba Shanga, upande wa pili wa kisiwa hicho hicho, miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe wa Ijumaa akakuta misikiti mingine, mmoja chini ya mwingine, ya mbao na udongo, ule wa mwanzo ukiwa wa karne ya 8. Kwa hiyo kitabu kinachoanzisha historia ya visiwa hivi kwa kufika Wanabahani kimeruka zaidi ya miaka 400 ya watu kuswali, kuvua na kuuza pembe. Mnaona hasara yake? Ukimpa mgeni kitabu hicho peke yake, umewafuta wazee wetu waliokuwako kabla.

Tusemeje basi? Tuseme hivi: wazee wa Pate wamepokea kwamba Wanabahani walifika mwaka 1204, wachimbaji wanasema mji na mwaka haviendi pamoja, na Shanga watu walikuwako karne nyingi kabla. Sentensi moja ndefu, yote yamo, hakuna aliyevunjiwa heshima.

4. Mambo ya mwezi na maji usiyatoe kitabuni. Maulidi ya Lamu huwa Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, na Mfungo Sita haukai mahali pamoja: mwaka 2010 ulianza Februari, mwaka 2024 ulianza Septemba. Mgeni mwenye kitabu cha zamani atakata tiketi ya Februari kuja Maulidini, na atakukuta wewe hukumwambia.

Takwa nayo, magofu ya kisiwani Manda, vitabu vingi vinataja dakika za safari na kunyamaza juu ya maji. Mlango wa mikokoni hupitika maji yakiwa yamejaa. Kati ya kujaa na kupwa ni saa sita hivi, na kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50, kwa hivyo saa iliyomfaa mgeni wa juzi haimfai wa leo. Ukikawia magofuni, mashua inakaa topeni na mnangoja mpaka maji yarudi, jua linawaka na chupa ya maji imekwisha. Pate mjini ni vivyo hivyo. Muulize nahodha kabla hujamwahidi mgeni saa.

5. Katika kila orodha weka kitabu kimoja cha tenzi, na uchague chapa yenye maelezo ya maneno ya Kiamu. Aliyejifunza Kiswahili darasani akikuta nti, ndia, mato na moya hatajua ni nchi, njia, macho na moja, ataona kama amepotea lugha. Mwambie pia kwamba Mwana Kupona alikuwa mama mgonjwa anayemuusia bintiye, mwaka 1858. Asije mtaani akidhani kila mwanamke wa Langoni anaishi ndani ya beti zile.

6. Uzito. Ndege ndogo nyingine zinazotua Manda huruhusu kilo 15 tu. Vitabu vya uchimbaji ni vinene. Mgeni asome kwao na aje na kurasa chache za ramani. Kitabu kinachopanda mashua kifungwe kwenye mfuko wa plastiki, na usiku kisiegemezwe kwenye ukuta wa mawe na chokaa, kitaota ukungu.

Mgeni wa siku nne, basi, mtumie vitabu vitatu: kimoja cha historia ya mji kilichoandikwa baada ya Shanga kuchimbwa, kimoja cha tenzi, na kimoja cha safari kisichozidi miaka mitatu. Chini ya kila jina andika mwaka wa toleo la kwanza na mstari mmoja wa kosa lake unalolijua. Kama hulijui, nenda maktaba ya Ngome ya Lamu asubuhi kabla jua halijapanda, ukasome sura ya kwanza na ramani, ndipo utume.