Mtoto anayekojoa kitandani hatibiwi kwa fimbo

Mwanangu wa pili aliingia darasa la pili akiwa bado anakojoa kitandani, na majirani zangu hapa Mabatini, jijini Mwanza, walikuwa na ushauri wa kila namna: nimchape, nimfunge chura kiunoni, nimbebeshe godoro mtaani ili wenzake wamzomee. Sikukubali hata moja, na nawasihi wazazi wenzangu msikubali, kwa sababu mtoto huyu hakojoi kwa uvivu wala kwa jeuri, bali hukojoa akiwa usingizini, na adhabu ya asubuhi humwongezea hofu tu.

Kabla ya miaka 5 jambo hili ni la kawaida. Hata wakifikisha miaka 5, takriban watoto 15 katika kila 100 bado hukojoa usiku, na wengi wao huacha wenyewe kadiri wanavyokua. Kwa baadhi yao mwili hautoi vya kutosha homoni inayopunguza mkojo wa usiku. Kwa wengine kibofu hubana mapema, au usingizi ni mzito kiasi kwamba hawaamki kinapojaa. Mara nyingi tatizo hili huwa la kurithi. Baba yake alipomweleza kwamba naye alichelewa kuacha, mtoto alimtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama bibi alikuwa akimpiga.

Kilichotusaidia kwanza ni choo. Sisi tunaoishi milimani, choo kikiwa nje na njia yake ikipita katikati ya mawe, tunamtaka mtoto wa miaka 7 ashuke gizani peke yake, naye kwa hofu hujibana hadi usingizi umchukue. Tuliweka ndoo yenye mfuniko karibu na mlango, pamoja na taa ndogo ya sola, naye akawa anakojoa kabla ya kulala bila kushurutishwa. Godoro tulilifunika kwa nailoni chini ya shuka.

Maji usimnyime. Anywe vya kutosha asubuhi na mchana, maana wengi hushinda shuleni na kiu kisha hunywa kwa pupa jioni, halafu apunguze baada ya chakula cha usiku, na chai ya rangi ya jioni iachwe. Chunguza pia kama anapata choo kigumu, kwa kuwa kinyesi kilichojaa hukandamiza kibofu.

Mpeleke hospitali mapema ikiwa ameanza upya baada ya miezi 6 au zaidi bila kukojoa kitandani, anaumia akikojoa, au ana kiu isiyoisha huku akikonda, dalili ambayo inaweza kuwa ya kisukari. Damu katika mkojo isipuuzwe kamwe: kando ya ziwa tumezoea kichocho cha tumbo, lakini kile cha kibofu kipo katika vijiji vya ndani, kama vya Misungwi na Kwimba, ambako watoto wetu huenda likizo na kuogelea madimbwini.

Daktari anaweza kushauri kengele inayolia mkojo unapoanza kutoka, ambayo huhitaji miezi 2 hadi 3 na mzazi wa kuamka naye, au dawa iitwayo desmopresini, inayopunguza mkojo wa usiku. Anayeitumia asinywe maji kuanzia muda wa saa 1 kabla ya kuimeza hadi zipite saa 8 baada ya kuimeza, kwani maji yakizidi mwilini chumvi ya damu inaweza kushuka mno na mtoto akapata degedege.