Utaweza, ila anza kuzoesha makalio

Dada, umeuliza kama mtu aliyezoea baiskeli ya Ngamiani na Raskazone tu, hapa Tanga, ataiweza safari ya siku saba kando ya mto Danube, kutoka Passau (Ujerumani) hadi Vienna (Austria), na kama mizigo unabeba mwenyewe. Utaweza. Ni kilomita 320 hivi, yaani kwa siku kama kwenda Pangani, ila kule njia ni tambarare, sehemu kubwa lami, na unafuata maji yanakoteremkia. Begi kubwa linatangulia na gari hadi hoteli ya usiku. Wewe unabaki na maji, koti la mvua na ndizi zako. Bonde la Wachau, kati ya miji ya Melk na Krems, usipapite mbio: mizabibu imepandwa ngazi kwa ngazi mpaka juu kilimani.

Kinachowashinda watu si miguu, ni makalio. Mimi siku ya pili nilikanyaga pedeli nimesimama, kiongozi wetu anacheka tu. Tafuta bukta yenye sponji, ivae bila chupi (wakubwa mnisamehe), kisha nenda nayo Muheza na kurudi mara kadhaa kabla ya safari.

Mlima wenyewe ni viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya. Ada yuro 90, bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, na maombi yanapokelewa hadi miezi 6 kabla. Usilipe safari nzima viza haijatoka. Toa malipo ya awali tu, na uulize kwanza kama yanarudishwa ukinyimwa.