"Pissed": mgeni amelewa au amekasirika?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa Nungwi. Juzi usiku mgeni wa Kimarekani alishuka akaniambia, "I'm really pissed." Kiyoyozi cha chumbani kwake kilikuwa kinavuja maji hadi kitandani. Mimi nilijua "pissed" ni mlevi, maana Waingereza ndivyo wanavyosema wakirudi kutoka baa. Nikampa maji baridi, nikamwambia akapumzike. Alifoka mpaka meneja akaamka. Nilikosea wapi?
Msomaji wa Nungwi, Unguja

JIBU: Marahaba mwanangu. Ulichokijua ni sahihi, ila ni cha Uingereza. Kule, "pissed" peke yake ni mtu aliyelewa chakari. Marekani neno hilohilo ni mtu aliyeudhika, tena hasa. Mgeni wako alikuja na malalamiko, wewe ukampeleka akalale kwenye kitanda kilekile kilicholowa. Lazima aone amedharauliwa.

Ukisikia "pissed off", basi hapo hakuna utata: awe Mmarekani, awe Mwingereza, amekereka. Sikiliza pia kinachofuata. "Pissed at you" ni kwamba amekukasirikia wewe. "Pissed about the room", chumba ndicho kilichomuudhi. Mlevi hana haja ya viunganishi hivyo, "at" na "about".

Sasa nakuomba sana: lielewe neno hili, lakini usilitamke kazini. Asili yake ni kitenzi cha kukojoa. Biblia ya Kiingereza ya King James, ya mwaka 1611, inacho kitenzi hicho waziwazi, lakini leo hii ni lugha ya vijiweni. Nasikitika ninapoona vijana wetu, waliookota Kiingereza kwenye sinema, wakiliandika katika barua pepe za kuomba kazi au kulalamikia mshahara. Mwajiri haoni tena uchapakazi wa kijana yule, anaona utovu wa adabu tu.

"Annoyed" linakutosha kwa kero zako mwenyewe: "annoyed with" kwa mtu, "annoyed about" kwa jambo. Ila usiseme "I am annoying", kwani utakuwa umetangaza kwamba wewe ndiye kero! Kwa mgeni, tumia "upset", neno la heshima lisilomfanya aonekane mgomvi. Usiku ule ungemwambia, "I'm so sorry, I can see you're upset," kisha ukamtafutia chumba kingine kabla hata ya kumwita fundi.

Na hao Waingereza wako, wachunge kwa namna nyingine. Wengi wao hupunguza makali ya maneno. Mwingereza akikuambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ni "a bit annoyed", usidhani hasira yake ni ndogo kwa sababu ya hiyo "a bit". Mwite meneja mapema.