Maswali ya Kiingereza: risiti, kanali na sivi

Niko kwenye depo ya shirika moja hapa Himbi, Goma. Nikitamka p ya “receipt”, wenzangu waliotoka Nairobi wanacheka. Mbona inaandikwa?

Wana haki ya kucheka kidogo. Sema risiti, vuta i ya pili, umeze ya mwisho: risiit. Kiswahili kililipokea neno hili kwa sikio, si kwa karatasi, ndiyo maana p ilibaki nje. Angalia pia kabati: Mwingereza anaandika “cupboard”, lakini mdomoni mwake hakuna p hata kidogo. P ya “receipt” ni kazi ya wasomi wa zamani waliotaka neno lifanane na recepta ya Kilatini. “Debt” nayo, yaani deni, ilibandikwa b kwa sababu ya debitum, wakati Wafaransa waliowapa Waingereza neno hilo wanaandika dette mpaka leo. Sema det, basi.

Mwalimu, “colonel” ina r wapi?

Haipo, na bado watu wanaitamka! Katika karne ya 16 Waingereza walichukua coronel kutoka Kifaransa. Baadaye maandishi yakarudi kwenye l ya Kiitaliano, colonnello, ila midomo haikufuata. Mmarekani anaisikilizisha r; Mwingereza anavuta tu irabu. Sisi wa Kongo tumezoea kolonele ya Kifaransa, kwa hiyo tunapotea. Mtanzania anayesema kanali yuko karibu zaidi.

Kwenye sivi (CV, wasifu wa kuombea kazi) niliandika “I assisted at a training”. Kwenye usaili wakaniuliza nilimsaidia nani.

Hapo Kifaransa ndicho kilichokuponza, dada. Assister à ni kuhudhuria. “Assist” ni kusaidia. Andika “I attended”. Na usiogope kwamba attendre ni kungoja, hiyo ni ya Kifaransa peke yake. Ukiwa hapo kwenye sivi, tafuta pia “actually”. Wengi wanaiweka wakimaanisha actuellement, sasa hivi. Kwa Mwingereza ni “kwa kweli”, tena mara nyingi ya kumsahihisha mtu. Ukiandika “I actually live in Goma”, atajiuliza nani alikubishia. Weka “currently”.

“Library” si duka la vitabu?

Ni maktaba. Duka ni “bookshop”.

“Lieutenant” ni leftenanti au lutenanti?

Uingereza leftenanti, Marekani lutenanti. Chagua moja, usizichanganye siku ya mtihani.