Posta ya Marekani inalipwa na nani?
Yaya, umeuliza kama posta ya Marekani inakula kodi ya raiya. Apana, tangu miaka ya 1980 inajiendesha karibu yote na makuta ya tembri na koli, lakini sheria inailazimisha ifikishe barua kila pahali, ata kwa muzee mwenye anaishi peke yake kule mulimani, siku 6 kwa juma, bei ya tembri ile ile. Kisha 2006 bunge ikaibebesha kuweka mbele makuta ya matunzo ya bastaafu, karibu dola miliari 5 na nusu kwa mwaka, njo hasara ikavimba, mupaka 2022 balitosha ule muzigo. Siye huku Bukavu koli ya Goma tunapatia tu mutu wa boti, unaandika namba ya simu juu yake basi.