Barua ya kambi ya dola 795 si mwaliko: namna kijana wa besiboli anavyowafikia makocha wa vyuo Marekani

Mama Imani, swali lako nimelisoma nikiwa mapumziko ya zamu ya usiku, nikasema hili siliachi lipite. Kwa waliochelewa kuingia: dada yetu yuko Texas, kijana wake ana miaka 15, yuko darasa la kumi, ni pitcha, yaani mrushaji wa mpira kwa mpigaji, na mpira wake unafika maili 81 kwa saa. Imekuja barua yenye nembo ya chuo kikubwa na jina la mtoto juu, inamwita kambi ya siku mbili kwa dola 795, hoteli mjitegemee. Baba Imani anasema chuo kimeshamwona mtoto. Mama ana mashaka. Anauliza vijana wanaonekanaje na hao makocha, na kama tarehe ya kuzaliwa waliyopewa kwenye karatasi za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, inaweza kumletea shida.

Dada, mashaka yako yana msingi. Sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinamkataza kocha wa Division I (daraja la juu, chini yake kuna II na III) kuwasiliana binafsi na mchezaji wa besiboli kabla ya tarehe 1 Agosti inayotangulia darasa la 11. Mwanao yuko la kumi. Kwa hiyo kitu ambacho kocha yule anaruhusiwa kumpelekea sasa hivi ni fomu za kujaza na matangazo ya kambi, na hilo ndilo mlilopata. Jina linachukuliwa kwenye orodha za mashindano aliyocheza, kompyuta inaliweka juu ya barua, mamia wanapata ileile.

Nakwambia kwa sababu ya kwetu niliibandika kwenye friji. Nikaipiga picha nikamtumia bibi yake Tanga, bibi akafanya dua na majirani wakala pilau. Nikalipa.

Tulipofika tukakuta watoto kama 160, kila mmoja ana namba mgongoni. Wangu alikuwa 114. Yeye ni kecha, yaani anachuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka. Akapewa mipira mitano ya kutupa besi ya pili, akapiga minane kwa gongo (la mti, si lile la chupa), akakimbia yadi 60, basi. Kocha mkuu alihutubia asubuhi dakika kumi, hatukumwona tena mpaka jioni. Waliotushikia saa walikuwa wachezaji wa chuo chenyewe, na mmoja wao muda wote alikuwa anachati.

Lakini kulikuwa na kecha mwingine, namba 97. Zamu yake ilipofika, kocha msaidizi alitoka kivulini, akamwita kwa jina, akamuuliza bega linaendeleaje. Nikamsogelea baba yake, mzee mmoja Mmeksiko mpole: mwenzangu, hawa wanamjuaje mwanao? Akasema, "Wameandikiana tangu Agosti. Leo wanakuja kuhakikisha tu."

Hapo ndipo niliposhtuka kwamba nimelipa kiingilio cha harusi ya watu. Kambi ni mahali pa kumhakiki mtoto ambaye kocha anamjua tayari. Asiyejulikana anakwenda kuchangia gharama za kambi, na kwa kweli wakufunzi wengine wasaidizi hizo kambi ndizo zinazowaongezea kipato, sasa watawaachaje kualika? Tangu siku ile nyumbani kwetu ikawa amri: hatulipii petroli kwenda popote kama hakuna kocha mmoja anayemsubiri mtoto kwa jina.

Sasa anajulikanaje kwanza? Anaandika. Yeye mwenyewe, si wewe.

Mimi barua za mwanzo niliandika mwenyewe. Niliziandika kama naomba kazi serikalini, na YAH: juu kabisa kwa herufi kubwa, na "tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu". Barua 12, majibu sifuri. Kocha wa timu yake akaniambia kwa upole kwamba makocha wa vyuo wanapokea barua pepe nyingi mno kwa siku, wanazisomea kwenye simu wakiwa wamekaa uwanjani, na barua ya mzazi wanairuka. Mtoto akaandika upya. Kwenye kichwa cha barua pepe: mwaka wa kumaliza shule, kecha, urefu, mkono anaopigia, mji. Ndani, mistari sita. Jina na shule. Muda wake wa kutupa besi ya pili. Wastani wa masomo. Sentensi moja kuhusu chuo chenyewe inayoonyesha amekichunguza: "Nimeona kecha wenu wawili wanamaliza mwaka huu." Ratiba ya mechi za wiki sita zijazo, na namba ya uwanja. Kiungo cha video. Simu ya kocha wake. Kwisha.

Ile sentensi ya kecha wawili ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote. Orodha ya kikosi cha kila chuo iko kwenye tovuti yao. Unafungua, unahesabu: pitcha wa mkono wa mwanao wako wangapi, wangapi wanaondoka, wanatoka mikoa gani, wana urefu gani. Chuo chenye makecha watano wa mwaka wa kwanza hakina haja na wako hata akidaka kwa meno. Jumamosi moja tulikaa mezani na daftari tukachagua vyuo 40. Majibu yalikuja 11. Ya kweli, yaani kocha anauliza swali na kurudi tena, yalikuwa manne. Hakuna hata kimoja cha kwenye televisheni.

Video isikuchoshe. Dakika mbili, bila muziki, bila jina kuruka na kuwaka moto. Pitcha mrekodi ukiwa upande wa mbele yake, kisha ukiwa nyuma ya kecha, mipira ya aina zote anayorusha, na kasi ionekane. Yangu ilikuwa simu niliyoifunga kwenye wavu kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Ila uniwie radhi kwa hili: zima sauti. Kwenye ya kwanza nilisikika nikipiga kelele "DAKA WEWE!" na jirani yangu Mkenya akijibu "Ameidaka, buda, tulia."

Kuhusu hizo namba: kila nafasi ina namba yake inayosemwa. Pitcha ni kasi. Mpigaji ni kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo. Mkimbiaji ni yadi 60, chini ya sekunde 7 wanaanza kukuangalia. Kecha ni muda kuanzia mpira unapogusa glavu yake mpaka unapofika kwenye glavu ya mwenzake wa besi ya pili. Mwanangu alianza na sekunde 2.15. Mwaka mzima tulifanya kazi na miguu yake kwenye maegesho ya kanisa, akafika 2.0. Kwa mtu wa kawaida hizo ni kope tu zimepepesa. Kwa kocha ni tofauti ya kujibu na kufuta. Maili 81 kwa miaka 15 ni nzuri sana, dada. Wengi wanaokwenda Division I wanakaribia maili 90 au kuingia 90 kabla ya kumaliza shule, na wako ana muda. Asizisake hizo maili kwa kurusha mbele ya kila mashine ya kupimia kasi mwezi wa kumi na mbili, kiwiko kitakwenda. Mwongozo wa ligi kuu ya besiboli (MLB) uitwao Pitch Smart unasema umri wa 15 na 16 usizidi mipira 95 kwa siku, na akipita 75 apumzike siku nne. Kocha wa timu ya wikiendi hatakuhesabia, wewe ndiye utakayekaa na kalamu.

Sasa nifike penye kidonda.

Mwanangu alianguka Aljebra darasa la tisa. Shule ikamweka kwenye programu ya kompyuta ya kufidia, akamaliza ndani ya wiki tatu, karatasi ikaonyesha kapasi. Tukasahau. Aprili ya mwaka wa mwisho, kocha wa Division II aliyekuwa amempenda kabisa, tumeshatembelea na kula naye, akaomba hali yake kwenye NCAA Eligibility Center, ofisi inayokagua kama mtoto anastahili kucheza. Somo lile wamelikataa. Wanataka masomo 16 ya msingi, yeye ana 15, kwa hiyo mwaka wa kwanza asingecheza. Kocha hakukasirika. Alisema pole, na wiki ileile nafasi akampa mwingine. Mtoto alijifungia chumbani na glavu yake. Mama yake hakunisemesha siku mbili, na alikuwa na haki, maana mimi ndiye niliyekuwa najua wastani wa mapigo yake wa kila mwezi na sikujua orodha ya masomo yake.

Kila sekondari ina orodha yake ya masomo yaliyoidhinishwa na NCAA, iko wazi mtandaoni. Kaa na mshauri wa shule wiki hii, mlinganishe mstari kwa mstari. Kiingereza miaka minne, hisabati miaka mitatu kuanzia Aljebra ya kwanza, sayansi miaka miwili (kila mwaka ni somo moja), na mengine mpaka yatimie 16 kwa Division I, wastani usishuke 2.3. Halafu 10 kati ya hayo yawe yameisha kabla darasa la 12 halijaanza, na saba kati ya hayo kumi yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Hayo ukishayafunga huwezi kuyarudia ili kupandisha alama. Sisi tuliotoka nje tuna mtego wa ziada: si kila somo la Kiingereza cha wageni linahesabika. Na kama alianza darasa la tisa nje ya Marekani, matokeo ya huko yatatakiwa, na tafsiri kama hayako kwa Kiingereza. Anza kuyatafuta leo, unazijua ofisi zetu.

Alikwenda chuo cha miaka miwili hapahapa Texas. Nilikuwa naona aibu kumwambia bibi yake. Sasa naona nilikuwa mjinga. Albert Pujols alikuja kutoka Jamhuri ya Dominika akiwa kijana, akachezea Maple Woods, chuo kidogo cha miaka miwili Kansas City, akachaguliwa na timu ya ligi kuu raundi ya 13 mwaka 1999, na akastaafu na hom rani 703. Roger Clemens na Andy Pettitte wote walipita San Jacinto, chuo cha miaka miwili eneo la Houston. Hivyo vyuo vinaruhusiwa kutoa ufadhili mwingi kuliko watu wanavyofikiri. Mtoto anacheza badala ya kukaa benchi, na kocha wa chuo kikubwa anamwona akiwa na miaka 20 na mwili wa mtu mzima. Siku hizi hao ndio wanaopendwa. Mchezaji anahama chuo kirahisi, na kocha akipewa achague kati ya wa miaka 18 na wa 21 aliyezoea, anachukua wa 21. Wangu alihamia Division II baada ya miaka miwili, na huko yupo.

Kuhusu pesa nitakuwa mfupi kwa sababu ukweli wake ni mfupi. Kwa miaka mingi timu ya Division I ilikuwa na ufadhili kamili 11.7 tu wa kugawana watu mpaka 27, yaani wengi walipata kipande. Tangu msimu wa 2025-26 vyuo vilivyokubali utaratibu mpya vinaweza kufadhili wachezaji 34, lakini hapohapo kikosi kimekomea 34, na si kila chuo kina hela ya kuwalipia wote. Division III haitoi hata senti ya michezo. Inatoa ya masomo, na kwa mtoto mwenye alama nzuri hiyo inaweza kuizidi. Jazeni mapema FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada.

Mtu hapo juu ameuliza mbona yule kijana wa Uganda, Dennis Kasumba, alionekana kwa video tu. Ni kweli, video zake za mazoezi na matairi zilizunguka dunia, na mwaka 2023 akaja kucheza MLB Draft League, ligi ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa na ligi kuu, na timu ya Frederick Keys, Maryland. Ni kecha, kwa hiyo nyumbani kwetu ni shujaa. Lakini angalia video zenyewe: ni mazoezi ya kila siku ya miaka, na watu wenye uzoefu waliyaona mapito ya miguu yake. Kijana aliye Texas hana haja ya mamilioni ya watazamaji. Anahitaji watazamaji 40, na anwani zao ziko wazi.

Kwa hiyo ile 795 iache. Mwandikieni kocha huyohuyo barua pepe mkieleza mtoto atarusha wapi na lini, kisha tarehe 1 Agosti simu iwe na chaji. Akijibu, akitaja jina na akitaja mpira wa kupinda anaorusha mwanao, lipeni kambi ijayo kwa roho safi.

La umri. Kama karatasi zinasema 1 Januari kama za wengi waliotoka kambi za wakimbizi, hesabu: UIL, chama cha michezo ya shule hapa Texas, inataka mchezaji awe hajafikisha miaka 19 ifikapo tarehe 1 Septemba ya mwaka wa shule. Kwa miaka 15 darasa la kumi, wa kwako anapita mpaka mwisho. Ila tarehe ya kwenye cheti cha shule, ya kwenye green card na ya Eligibility Center ziwe moja, herufi za jina pia. Wetu shule iliandika jina la babu kama ukoo, na ilinichukua miezi minne kulirudisha.