Jibu: Viatu vya kukimbilia njia ya Ziwa Ngosi

Mkuu, umeuliza kama viatu vya kukimbilia barabara ya lami vinatosha kwa njia ya Ngosi, lile ziwa lililo ndani ya kreta (shimo la volkano) karibu na Mbeya. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, kwenye barabara ya vumbi kabla ya msitu, sawa. Msituni hapana: udongo wa volkano ukilowa unateleza kama mlenda, na mizizi imejificha chini ya majani. Tafuta soli yenye meno ya milimita 5 hivi.

Ukingo wa kreta uko karibu mita 2,600, hewa ni nyepesi, kwa hiyo ukitoka pwani panda kwa kutembea, mapafu hayadanganyiki. Vifundo huumia zaidi wakati wa kushuka: hatua fupi, kamba zikazwe hadi tundu la mwisho. Ukingoni usikimbie kabisa, kuelekea majini ni genge, yaani mteremko wa wima. Maji lita 1, koti jepesi la mvua.